Shairi la leo: nani kakwambia nini?

Watu wakisikia mtu aandika shairi kila siku, tena akaa Mombasa, la kwanza kumwambia ni "aah wewe una bahari, utakosaje maneno?" Nshaambiwa hivyo na wateja, nshaambiwa na binamu yangu wa Nairobi ambaye kila akija lazima apelekwe ufuoni kule Mama Ngina akapige picha na dafu mkononi, hata mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili nilipokutana naye Marikiti alinambia hivyo hivyo, nenda ukae karibu na maji mwanangu, maneno yatakuja yenyewe. Sasa mimi nimezaliwa hapa, maji nayavuka kila siku nikiwa nimebanwa kwenye matatu ya Kisauni juu ya Daraja la Nyali, na nawaambia ukweli, bahari hainambii kitu. Ni nzuri, sikatai. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakijaa yajaa kweli kweli na yakipwa yapwa mpaka waona watu watembea kule ambako jana zilikuwa zaelea mashua, na ukikaa pale Lighthouse jioni na viazi karai na ukwaju wako roho yatulia. Lakini roho kutulia ndio shida yenyewe. Mtu aliyetulia hatungi, yuwala viazi.

Na ukijilazimisha kuiandika bahari kila siku, wiki haiishi ushamaliza mawimbi na upepo na jahazi na machweo, wabaki kuzungusha vina tu.

Basi wengi wananiuliza, hasa hawa vijana wanaopenda kutunga lakini wakishatunga mawili wakauka, yapatikana wapi ile hamu ya kila siku. Na mimi jibu langu ni moja, halijabadilika: sisubiri hamu, nasubiri mtu aseme kitu. Shairi kwangu ni jibu. Kama hakuna aliyesema neno, hakuna aliyeuliza, hakuna aliyenikera au kunichekesha au kunidai, basi hapo ndipo karatasi huwa nyeupe kweli, hata ukalie bahari nzima. Lakini Mombasa hii, mji wenye midomo hivi, siku gani utakosa wa kumjibu?

Kuna ule mtindo wa Aprili mnaoujua. Ulianza Marekani mwaka wa 2003, mshairi mmoja aitwaye Maureen Thorson aliamua mwezi mzima wa Aprili ataandika shairi kila siku, mashairi 30 kwa siku 30, akawa ayaweka kwenye intaneti, watu wakamfuata, na sasa wako dunia nzima wafanya hivyo na kila asubuhi hutolewa kidokezo cha kukuanzisha. Binamu yangu yule yule ndiye alonitumia linki. Sina ubaya nao, kwa mtu anayetaka kujenga mazoea ile idadi yasaidia sana, yakusukuma siku ambayo ungelala. Ila vile vidokezo jamani. Aprili yao ni maua yachipua na baridi yaondoka, Aprili yetu ni masika, barabara za mtaani maji hadi magotini, upepo wa kusi ndio waanza kuvuma na wavuvi wengi wapunguza kutoka. Na hata kikitolewa kidokezo kizuri, bado ni neno la mtu asiyenijua, hajaniuliza kitu mimi, hajanitukana, hanidai, sasa namjibu nini? Naandika mistari kumi mizuri isiyo na wa kuipokea.

Na hili si jambo nimelizua mimi. Hapa kwetu shairi toka zamani ni kujibizana. Muyaka bin Haji, ndiye baba wa wote sisi tunaojiita watunzi wa Mvita (ndio Mombasa yenyewe), aliishi hapa hapa mjini toka mwisho wa karne ya 18 mpaka kama 1840 hivi, enzi za Mazrui, ukoo uliotawala mji huu, mpaka akawaona Mazrui wanang'olewa na Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, mwaka wa 1837. Mtu huyo hakuwa akikaa ufuoni kungoja maneno. Wa Lamu wakitupa la kwao yeye awarudishia, hasimu akijigamba amvua nguo kwa beti mbili, na siku ambazo hakuna vita atunga juu ya mapenzi, biashara, shida za pesa, mambo ya nyumbani kabisa. Wasomi husema ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni, na mimi kila nikipita sokoni na makelele yale naona ni sawa, kwani wapi tena ungesikia mengi ya kujibu.

Kinachonishangaza zaidi ni vile mashairi yake yalivyobaki. Mengi yalikaa midomoni mwa watu miaka na miaka baada ya yeye kufa, ndio baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya na kumfafanulia mmishonari W. E. Taylor, na diwani yenyewe haikutoka mpaka 1940, ikitayarishwa na William Hichens. Mwenyewe keshakufa miaka mia nzima! Kwa nini watu wabebe beti za mtu kichwani muda wote huo bila kulipwa? Mimi nafikiri ni kwa sababu ukimsikia mtu amejibu vizuri walihifadhi lile jibu, wajua iko siku utakuwa na hasimu wako na utalihitaji. Shairi la machweo halina kazi hiyo.

Sisemi mimi ni Muyaka, astaghfirullahi. Mimi nauza M-Pesa.

Kibanda changu kiko Mwembe Tayari, kidogo hivi kwamba nikifungua mlango lazima stuli itoke nje kwanza, na nawaambia kama wataka shule ya ushairi usiende chuo, tafuta kazi ya kukaa nyuma ya kijidirisha watu wakuletee pesa zao. Mtu akiwa atuma pesa au angoja pesa hawezi kunyamaza. Sijui ni nini, labda ni zile sekunde za kungoja meseji iingie, lazima aseme kitu. "Dada nitolee zote usiache hata shilingi, hii simu ina macho mengi." "Mtumie lakini nikikwambia simu imekatika wewe sema ndio." Kijana mmoja alituma pesa kidogo sana kisha akaniambia, "leo hii ndio mapenzi yangu yote." Nami niko pale na kalamu, nyuma ya daftari langu la kuhesabia floti, zile pesa za kuzungushia kazi, kuna kurasa ambazo hazina hesabu hata moja, ni midomo ya watu tu.

Siku moja alikuja mama mmoja, kasimama pale dirishani, simu kaishika mbele ya macho yake muda mrefu, haingii kitu. Mwishowe akaniuliza mimi, kama vile mimi ndiye nijuaye: "Katuma au kasema?"

Hesabu. Ka-tu-ma-a-u-ka-se-ma. Mizani nane! Kipande kizima cha shairi, kina kimetulia, hakuna cha kuongeza wala kupunguza, na yeye mwenyewe hana habari. Pesa kweli hazikuingia na akaenda zake, lakini mimi siku ile nilikuwa nimeshapewa kituo, ndio mshororo wa mwisho wa ubeti, ikabaki kazi ya kupanda kurudi juu nitafute mishororo mitatu ya kukifikia. Jioni kwenye jamu ya Kongowea, nimekalia kiti cha nyuma kile kisichokuwa na mto, nikamalizia hivi:

Tangu jana nimehema, meseji yake nangoja,
Mwenye nyumba kasimama, na miezi si mmoja,
Ahadi hazina chema, kwa mwenye njaa na haja,
Katuma au kasema, nambie nijue moja.

Sasa hilo ndilo nililotaka kuwaambia kuhusu kituo. Wengi waanza shairi kutoka juu, watafuta mstari wa kwanza uwe mkubwa, wa kutikisa, na wakiukosa waacha. Mimi naanza na mwisho. Kituo nakiokota kwa mtu, tayari kimeshasemwa na mdomo wa binadamu kwa hiyo chasemeka, hakina maneno ya kamusi, halafu ndio naanza kujiuliza mtu huyu alifikaje hadi akasema neno hili. Yale yanayomfikisha ndiyo mishororo mitatu ya juu. Ukifanya hivyo huwezi kukosa cha kusema, kwa sababu mwisho waujua, watafuta njia tu.

Na kabla hamjaniuliza: jina la mtu sitaji, kiasi cha pesa sitaji, nambari ndio kabisa. Kama ni jambo zito sana naligeuza, mwanamume awe mwanamke, kodi iwe karo, au naliacha liozee daftarini. Kuna yaliyosemwa pale dirishani sitayaandika kamwe hata yawe na mizani ya dhahabu. Huo ni mpaka wangu na nafikiri mtu yeyote anayetunga kwa midomo ya wengine lazima awe na wake.

Siku ambazo wateja ni wachache (katikati ya mwezi, mnajua wenyewe) nazunguka Biashara Street, ni hapo hapo karibu. Sinunui, nasoma leso (wengine huziita kanga). Kwa wale wasiojua, leso ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndio maneno yale yaliyoandikwa chini, na wanawake wa pwani wamekuwa wakijibizana kwa majina hayo kabla hakujakuwa na stetasi za WhatsApp, jirani akikuudhi wavaa leso wapita mbele ya mlango wake basi, hujafungua mdomo na ameshakusikia. Leso za Mali ya Abdulla pale mtaani ziko toka 1887, hebu fikiria ni magomvi mangapi hayo yamepita kwenye kitambaa. Mimi husimama nje ya duka nahesabu mizani ya majina kwa vidole mpaka wenye maduka wadhani nina kasoro. Hasidi hana sababu, nane. Subira yavuta heri, nane. Usisafirie nyota ya mwenzio, kumi na mbili, wagawanya sita kwa sita. Nikipata la nane siku yangu imeshaanza, nachukua jina kama lilivyo najifanya ndio limenipitia mlangoni mimi, na nalijibu. Eti hasidi hana sababu? Anayo bwana, hebu nikwambie sababu zake. Na hapo mtu waandika mpaka wino uishe.

Utaona siku zote narudi pale pale: nani kaniambia nini. Nikiamka sijiulizi "leo nitaandika juu ya nini," swali hilo kubwa mno, lamtisha mtu asubuhi asubuhi. Najiuliza jana nani alinambia neno nikakosa la kumrudishia. Sote tuna hayo, yale majibu ambayo huja umeshafika nyumbani, uko bafuni waoga, wajiambia "ningemwambia hivi!" Basi hilo ndilo shairi, liandike kabla sabuni haijakuingia machoni.

Nyumbani napo hakukauki. Mamangu huuza mahamri na mbaazi barazani, huamka saa tisa za usiku kusukuma, na toka nianze mambo haya ya kila siku yuwaniangalia tu. Jioni moja nimekaa mlangoni nahesabu vidole akaniuliza, si kwa ubaya, "Haya mashairi yako mwanangu, yaisha lini?" Nikamwambia mama ngoja. Nikaingia ndani.

Wauliza mwisho lini, mama nikupe jawabu,
Wakanda unga jikoni, kila siku ni wajibu,
Na mimi yangu moyoni, nisipoyatoa tabu,
Mahamri yakikoma, na mimi nitajaribu.

Nilimsomea. Akasikiza mpaka mwisho, akasema "haya, na hiyo simu yako uiweke chaji ndani usiniwekee karibu na mafuta," akaendelea na nazi yake. Lakini kesho yake nikamsikia amsomea jirani kituo kile, bila kubadilisha hata silabi, na wote wawili wacheka. Kwa mtunzi hiyo ni zawadi ya kutosha, mimi nisingebadilishana na kombe lolote.

Kuhusu sheria, kuna wanaosema mizani na vina vyafunga mtu, ukitaka kuandika kila siku andika huru, maneno yamwagike. Kila mtu na njia yake na kuna mashairi huru nayapenda sana. Ila kwa kazi ya kila siku mimi naona kinyume. Nikiwa huru naweza kuandika chochote, na mtu mwenye ruhusa ya chochote aliyechoka na kazi huandika hakuna. Nikiwa na nane kwa nane na vina viwili, nina kazi ya mkono, natafuta neno la silabi tatu linaloisha na -bu, sina muda wa kujiuliza kama nina kipaji au sina. Na kina chenyewe hukupeleka mahali hukupanga kwenda. Ile "wajibu" ya mama sikuwa nayo kichwani, nililetewa na "jawabu," na ndio ikawa ukweli wa shairi zima.

Siku mbovu zipo. Stima (umeme) imepotea, joto la kaskazi la Februari lile la kulala sakafuni, mtu amekutapeli pesa mchana na hesabu haiingiani. Siku hizo sijibu mtu, najibu siku yenyewe, tena kwa utenzi, vipande vinne vya mizani nane basi nalala:

Leo sina la kusema,
stima imeshazima,
joto halina huruma,
mengine kesho si mbali.

Si shairi la kupeleka popote. Lakini limeandikwa, na kamba haijakatika. Watu wawazia kuandika kila siku ni kuandika kitu kizuri kila siku, hakuna mtu awezaye hivyo, hata hao wakubwa tunaona yale tu waliyochagua kutuonyesha.

Tena nikijisikia kulalamika kuhusu joto namkumbuka Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa huyu, alifungwa 1969 miaka mitatu kwa ajili ya karatasi ya kisiasa aliyoiandika, akawekwa peke yake jela ya Kamiti, na mashairi yake akayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, ndiyo yakaja kutoka kama Sauti ya Dhiki mwaka wa 1973. Mtu amefungiwa hana wa kuongea naye, hana kijidirisha cha M-Pesa, hana Biashara Street. Na ukiyasoma bado yajibu. Lipo ambalo lote ni la kuwaambia wanaomtaka aache msimamo wake kwamba haachi ng'o. Mimi nikiulizwa ninunue daftari gani la kutungia, lile la ngozi ama lile lenye kamba, hucheka tu moyoni.

Sasa tuje kwa mzee wangu, maana yeye ndiye sababu hasa ya posti hii.

Yuko mzee mmoja, alifanya kazi bandari ya Kilindini mpaka akastaafu, huja kutoa pesa anazotumiwa na mwanawe aliye Uarabuni. Kofia yake ya mkono, kanzu imepigwa pasi, mkongojo. Mwanzoni ilikuwa shikamoo mzee, marahaba mwanangu, kitambulisho, kwaheri. Siku moja daftari nimeliacha wazi kwenye kaunta na yeye akasoma ule utenzi wa stima. Akausoma tena kwa sauti akigonga mkongojo. Akaniambia, "Mwanangu, mshororo wa pili umepungua."

"Haujapungua babu, ni nane."

"Saba. Sti-ma. Mbili hizo."

"S-ti-ma babu. Tatu. Ile S yasikika yenyewe."

"Yasikika kwa nani?"

Foleni nyuma yake watu wanne, mmoja wao ana haraka ya feri, na sisi twabishana juu ya herufi. Mpaka leo hatujapatana, yeye ashikilia neno la kigeni halileti mizani ya bure, mimi nashikilia kwamba ulimi ndio mwamuzi, na wateja wa kawaida wameshagawanyika, muuza kahawa wa pale nje yuko upande wake na mvulana wa boda yuko upande wangu lakini nafikiri ni kwa sababu namkopesha. Baada ya siku ile mzee akawa haji mikono mitupu. Akija kutoa pesa aja na ubeti kaukunja mfukoni, anipa, mimi nampa hela na ubeti wangu wa kujibu ule wa mara iliyopita. Mwandiko wake wa zamani ule, herufi zimelala upande, na Kimvita chake kitamu kuliko changu. Amenitunga mimi, amenitunga bei ya mkaa, ameitunga tuktuk iliyomrushia matope. Na kila ninapodhani nimemmaliza yeye anarudi na kina kigumu zaidi.

Kwa hivyo mkiniuliza siri, tafuta mtu. Si lazima awe mshairi mkubwa. Mpelekee ubeti, umwambie nangoja jibu. Shairi la stetasi watu hubonyeza moyo wakapita, na moyo haujibiki, lakini ubeti uliokunjwa mfukoni mwa mtu anayejua atakuona tena Ijumaa huo huwezi kuukimbia.

Hili ndilo aliloniachia juzi:

Mwanangu nakuuliza, jambo hili lanisonga,
Pesa huruka kwa giza, pasi bawa wala anga,
Mwanangu hunipumbaza, kwa pesa na kunichenga,
Hunipa ama hunyima, jibu nipe la kufunga.

Alinipa akachukua pesa zake akaenda, hakuhesabu hata. Miezi yote hiyo twafanya mzaha wa mkaa na tuktuk, mara aja na hili. Mimi ndiye namkabidhi hizo pesa kila mara, naona jina la mwanawe kwenye simu yake, na sijawahi kujiuliza kama huyo mwana hurudi nyumbani hata kwa Idi. Sasa namwambia nini? Nikisema hupewa namdanganya, nikisema hunyimwa namuumiza mzee wa watu mbele ya foleni. Nimepitia vina vya -nga vyote ninavyovijua, kupanga, kutanga, mwanga, kinga, uchanga, kila kimoja chanipeleka mahali sitaki. Nina mshororo mmoja tu, babu swali lako kwanza, na hata huo ukihesabu vizuri umesimama nusu njia.

Yuwaja kesho baada ya swala ya Ijumaa. Mwenye lake anitumie leo kabla sijafunga kibanda, vina ni -za na -nga, na tafadhali hesabuni mizani kabla hamjatuma, na msiweke neno lolote lenye S ya stima.